Bibi Anamsubiri Neema

Liuli, Jumanne jioni

Sikutegemea runinga ingemuumiza Mama. Kaka aliileta kutoka Ngaka, anakofanya kazi mgodini, akasema itamchangamsha. Alisahau kwamba siku hizi Mama haoni kabisa.

Leo Mama alimwita binti yangu Neema, ambaye tangu ajue kusoma ndiye humsomea bibi yake hadithi.

"Bibi, subiri kidogo, tamthilia imenoga."

"Haya, basi niambie kunatokea nini."

"Wanagombana."

"Akina nani? Wakoje?"

"Watu tu, Bibi. Mmoja analia."

Mtoto huyuhuyu alikuwa akimaliza ukurasa anaongeza ya kwake, mpaka Mama anacheka na kufuta machozi. Leo alikosa maneno. Sikumgombeza, sijui kwa nini.

Nilichukua kitabu nikakaa kitandani kwa Mama. Lakini mimi nasoma kama natoa matangazo ya kanisani.

Nilipofika mwisho wa sura alinishika mkono. "Asante, mwanangu. Kapumzike."

Nikamuuliza kama hadithi imempendeza.

"Sikuisikia vizuri," alisema. "Nilikuwa nasikiliza kama Neema anakuja."