Chakula cha Paka wa Ghala

Kijiji cha Ujamaa, Bunda
20 Machi 1975

Ndugu yangu Getruda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bweri, na kifua cha shemeji Kasmiri kimepata nafuu. Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio hautulii. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezitia motoni. Nataka ujue kwa nini mama yako ameondoka kijijini kwenda kwa mjomba wako Butiama, kabla hujasikia kwa watu.

Panya wametumaliza tangu tuhamie huku. Baada ya Krismasi paka wa ghala aliumwa na nyoka akafa, akaacha vitoto vitatu. Kamati ikanikabidhi mimi nivilee, maana bila paka mbegu za mtama zingeisha. Kazi hiyo ilinivimbisha kichwa. Vilipoanza kula nikavipikia mnofu mtupu wa ng'ombe, laini, bila mfupa hata mmoja. Wenzangu wakanitania kwamba paka wangu wanakula kumshinda mwenyekiti, nami nikafurahi.

Siku moja mama yako alichungulia sufuria. Akasema, "Wankyo, mimi nilikuwaga na paka tangu usichana. Uwatwangie samaki furu wazima, na vichwa na mifupa. Mnofu peke yake hautoshi." Nilikasirika. Mbele za watu, anifundishe kazi niliyopewa na kamati!

Wiki tatu baadaye vitoto vikaanza kuchechemea. Miguu ya nyuma ikapinda, ukivigusa mgongo vinalia. Watu wakauliza ni nani aliyevitazama. Likaanza neno juu ya mama yako, likasambaa: Nyangi ana jicho baya. Wanawake wakaacha kuchota maji naye. Boke alimpokonya mama yako mtoto wake mikononi. Mama yako alivumilia siku kumi, halafu akafunga mzigo wake akaondoka.

Jumatatu ya wiki iliyopita bwana mifugo alikuja kuchanja ng'ombe. Akavipapasa vitoto, akaniuliza navipa nini. Alisema si jicho wala uchawi: mnofu hauna cha kujenga mifupa. Nitwange furu au dagaa walioondolewa mchanga, wazima na vichwa vyao, niongeze yai la kuchemsha na ini kidogo mara moja kwa wiki, wala nisivishibishe ugali. Ni maneno ya mama yako yaleyale, ila huyu alikuja na pikipiki. Nimefuata. Viwili vimeanza kurukaruka. Cha tatu tulikizika.

Sasa, Getruda, nimeandika kwamba neno lilianza, kana kwamba liliota lenyewe. Nililianzisha mimi. Kisimani Nyamburi aliniuliza paka wana nini, nikaona aibu, nikamtaja mama yako. Na jibu la bwana mifugo nimekaa nalo mpaka leo bila kumwambia mtu. Natwanga samaki nimejifungia mlango. Najichukia.

Keshokutwa Jumamosi kijiji kinakutana kuamua nyumba ya mama yako apewe nani. Nitasimama niseme yote. Wakinicheka, wacheke, wakininyang'anya kazi, sawa. Kisha nitakwenda Butiama kumpigia magoti. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu siku anaondoka alipita kwangu, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwamba mimi peke yangu sikumtenga.

Wasalimie shemeji na watoto. Usinijibu kabla hujamwona mama.

Ni mimi,
Wankyo