Kadi Iliyofungwa Kwenye Pindo la Leso

Bi Mwanatumu, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila siku, leo naomba unisaidie mimi, tena kabla ya kesho. Kazi yangu ni kumsaidia Nadira, mpiga picha wa harusi hapo Kisauni, namshikia taa, nachaji betri, naangalia kivuli kisimwangukie bibi harusi usoni, na juu ya yote natunza kadi za kamera, zilizojaa mfuko wa kushoto, tupu mfuko wa kulia, ndivyo alivyonifundisha. Sasa juzi tulikuwa kwenye kupamba, ile sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, simu zimekusanywa mlangoni, na Nadira amemwapia mama wa bibi harusi kwamba hakuna mwanamume atakayeziona zile picha, wenye shughuli wakanivisha dera nipendeze kama wao, nami kwa furaha nikasahau kwamba dera lile halina mfuko, kadi zote nikazifunga pamoja kwenye pindo la leso. Jana, kwenye harusi kule Shelly Beach, Riyadh anayepiga picha upande wa wanaume akaniitisha kadi tupu, nikafungua pindo nikampa, kumbe nimempa ile ya kupamba! Nimempigia, ameapa wallahi hajaangalia, ila kesho baada ya swala ya Ijumaa atahamishia picha zake kwenye kompyuta na akizikuta zile atazifuta tu, "Mambo yaishe, Mueni, wewe mwambie Nadira kadi imekufa." Naogopa kufukuzwa, naogopa watasema watu wa bara hatujui heshima, je, nikubali afute nami ninyamaze?

Mueni, Changamwe

Marahaba, mwanangu. Majina nimeyageuza, kwa hivyo pumua kwanza. La dera nakusamehe, sote twafunga vitu kwenye pindo la leso, mimi hata funguo za nyumba. Lakini hilo la "kadi imekufa" limenikera. Kwani bibi harusi yule atapambwa mara ngapi? Na huyo Riyadh, ili azifute si lazima kwanza azione? Hukuliwaza hilo?

Mwendee Nadira leo hii umwambie yote kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu. Kisha nendeni pamoja mkaichukue kadi, na Nadira mwenyewe azitenge picha, za Riyadh ampe, za wanawake abaki nazo. Mama wa bibi harusi mwachie Nadira, kiapo ni chake. Atakugombeza, nawe msikilize. Huenda akakufukuza, sikufichi, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Na heshima, mwanangu, haina bara wala pwani.

Akikubakisha, tafuta fundi akutilie mifuko miwili kwenye dera. Kushika taa hata stendi yaweza. Nadira alikuajiri wewe umshikie amana. Ondoka sasa, usingoje wimbo uishe.