Rafu Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Wanafunga maktaba! Mkuu wa shule katutangazia mstarini asubuhi, kwa sauti ile ile anayotumia kusema bomba limeharibika. Chumba kinageuzwa ukumbi wa mikutano ya bodi. Meza ndefu, viti vya kuzunguka, mapazia. Vitabu vitahamia stoo – ile ya nyuma ya jiko, paa linavuja mpaka panya wamehama! Eti siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Na simu tumekatazwa kuja nazo shuleni. Nikacheka kwa sauti. Mwalimu wa zamu akanikodolea macho. Akodoe tu.

Mama Shii alisimama nyuma ya walimu, mikono kifuani. Ndiye mkutubi wetu, jina tulimpa sisi kwa ile "shii!" yake inayopenya ukuta. Sasa anahamishiwa mapokezi. Akawaambie wageni choo kiko wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfuata. Nikamuuliza, ndiyo unakubali hivi hivi? Akasema ana watoto wa kulea, kazi haiokotwi barabarani, na mimi niende darasani. Nimekasirika. Mpaka sasa hivi naandika nimeuma meno.

Kwa sababu ni yeye! Mwaka jana mwalimu wa historia alitaka insha: kwa nini mji wetu ulihama kutoka ng'ambo ya mto? Nikaenda maktaba kutafuta sentensi moja, niiandike, nikacheze. Mama Shii akaniletea vitabu vitatu. Cha kwanza – mafuriko. Cha pili – maradhi. Cha tatu – wakubwa wa wakati ule waliitamani ile ardhi. Nikamwambia, mama, mbona vinagombana? Kipi cha kweli? Akasema ndiyo maana ameleta vitatu, niamue mwenyewe. Nilikaa pale mpaka kengele. Sijawahi kuumwa kichwa kwa raha vile.

Simu gani itanifanyia hivyo?

Jumatano, 5 Machi

Mafundi wamekuja kupima madirisha ya mapazia. Sina la kuandika. Nikiandika nitatukana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Nimepata!

Kanuni za maktaba zimebandikwa mlangoni miaka yote, hakuna anayezisoma. Leo nimezisoma. Kila mwanafunzi ana ruhusa ya kuazima vitabu vinne, wiki mbili. Kila mwanafunzi! Nikamwambia jirani yangu wa dawati: vikiwa mikononi mwetu, stooni watapeleka nini, mbao? Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaondoka mbio kuwaambia wa madarasa mengine.

Saa ya mapumziko foleni ilifika bombani. Mama Shii akaitazama foleni. Akanitazama mimi. Nikajua leo tunafukuzwa kama kuku. Akavuta droo, akatoa muhuri, akaupulizia.

"Mmoja mmoja. Na shii!"

Hata wale wa timu ya mpira walikuja, wao ambao maktaba huijua siku ya mvua tu. Golikipa kachagua kitabu kinene kuliko vyote, cha ufugaji wa nyuki. Nikamuuliza kama anapenda nyuki. Akasema anapenda uzito, hicho kitawachosha kukibeba.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna kitu kilichobaki. Rafu tupu kabisa! Vumbi na alama za vitabu vilipokuwa.

Sikutarajia hili: wanavisoma. Chini ya ngazi kuna kundi, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanamkatiza. Golikipa kanishika mkono koridoni, kanieleza habari za malkia wa nyuki mpaka nikachelewa hesabu.

Nyumbani baba kaviona vitabu kitandani kwangu. Baba ni fundi wa kuchomelea. Huniita Wakili, na si kwa kunisifu.

"Wakili, hivi vipo kwenye mtihani?"

"Havipo."

"Sasa?"

Nikamweleza yote. Akasema mkuu wa shule kashika mpini, mimi nimeshika makali. Tukivutana atakatwa nani? Nikasema basi nitoke damu! Mama akaingilia: kula kwanza, damu baadaye.

Jumatatu, 10 Machi

Wamegundua. Mkuu aliwapeleka wageni wa bodi kuona ukumbi wao mpya. Akafungua mlango – rafu zinamchekea.

Mstarini kawa mwekundu wa macho. Kila kitabu kirudi leo kabla ya kengele ya mwisho. Hakuna aliyejongea. Golikipa akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, muhuri wangu unasema wiki mbili. Na malkia ndiyo kwanza ameanza kutaga."

Shule nzima ikaangua kicheko. Mkuu akangoja kiishe. Akauliza pole pole, nani kaanzisha?

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.

Mkuu kasema nisirudi bila mzazi.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkuu. Nimetolewa nje, wakubwa wazungumze.

Baba kafunga karakana kwa ajili yangu. Kaja na ovaroli yake, mkono mmoja umeungua cheche.

Mkuu alimwita Mama Shii pia. Akamuuliza mbele yetu: watoto hawa walivibeba tu, au kuna mtu aliwaruhusu? Nikamwomba moyoni – sema tulivibeba tu! Nikanyage mimi upite! Alikuwa na njia, na alijua anayo.

"Niliwaruhusu mimi. Ndiyo kazi mliyoniajiri."

Mkuu akamgeukia baba, mzazi unasemaje? Hapo nilifumba macho. Baba akasema kwa ruhusa yako, mwalimu, kabla sijasema chochote nikione hicho chumba.

Wameingia sasa hivi. Maktaba inapakana na hapa, mlango wameuacha wazi, nasikia viatu vya baba sakafuni. Anatembea. Anasimama. Namsikia mkuu: unaona mwenyewe, mzee, chumba kitupu, hakina faida kwa mtu.

Baba anauliza, mama, vitabu viko wapi?

"Vinasomwa," kasema Mama Shii. Si kwa kunong'ona. Kwa sauti ya kusikika mpaka bombani!

Mkuu kaanza kusema kitu. Baba kamwambia subiri kwanza, mwalimu, hebu mama aseme tena –