Mikaratusi Yangu Inakausha Chemchemi ya Mtaa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimefika mahali hata kuchota maji naona aibu. Mimi ni mama wa Kigera, Musoma, na bondeni nyuma ya kiwanja chetu kuna chemchemi ambayo mtaa mzima tunachotaga bomba likikatika, sasa miaka sita iliyopita tulipohamia, mume wangu Masatu akiwa kazini Bunda, nilifyeka matete yote pale nikapanda mikaratusi kumi na minne, nikijisemea itakuja kuwa nguzo za banda la ng'ombe, na kweli imenyooka, mume wangu akija anaipapasa anasema, "Mke wangu, hapa ulifikiri!" Tatizo maji yamepungua, ndoo moja unaisubiri mpaka umbea wote wa mtaa unakwisha, ndipo tukaitisha kikao, bwana misitu akasema wazi kwamba mikaratusi ndiyo inayonyonya, watu wakauliza nani aliipanda, jirani yangu Boke akadakia, "Si yule mzee Benjamini aliyewauzia kiwanja akarudi Butiama!" Wakamsema huyo mzee mpaka basi, na mimi nikatikisa kichwa kama wenzangu, halafu wakanichagua katibu wa kamati ya kuokoa chemchemi, na kwenye muhtasari nimeandika kwa mkono wangu jina la Benjamini. Jumamosi tunakutana tena. Nikisema, watanionaje?

Rhobi, Kigera

Marahaba, mama. Umenichekesha, lakini sikubembelezi. Miti uliipanda kwa kutojua, na hilo linasameheka. Jina la mzee wa watu uliliandika ukijua.

Leo hii mpigie Benjamini umwombe radhi, kabla hajasikia kwa abiria wa Butiama. Masatu naye mwambie mapema, asije akapata habari kikaoni. Jumamosi simama wa kwanza, sema "Ni mimi," kisha usome muhtasari uliousahihisha. Watacheka, wengine watanuna, Boke atakusema wiki nzima. Vumilia.

Mikaratusi ikatwe yote, na machipukizi myakate kila yanapotoka. Nguzo chache zizungushie chemchemi ili ng'ombe wasiikanyage, nyingine jenga banda lako. Matete yaacheni yaote tena, na bwana misitu awachagulie miti ya asili.

Na ukatibu usiuache! Kigera inaota nyumba kila mwezi, na kila anayehamia anakuja na panga lake na miche yake. Mfuate mapema, umweleze yaliyokukuta. Wewe atakusikiliza.