Kundi Ambamo Hawakuniweka

Shoga, uko wapi? Acha hiyo sufuria iungue, unisikilize.

Lile darasa langu la ushonaji la kwenye simu, leo mwalimu katugawa vikundi vidogo, ati tuongee tufahamiane, tuwe ndugu. Mimi nikazima kamera kwanza, nifunge kilemba, nikutane na ndugu zangu nikiwa mtu.

Wakadhani nimetoka!!

Fundi mapazia, yule ninayemwita mwanangu, akasema, "Afadhali bibi kaondoka. Hadithi zake haziishi."

Mwenzake akacheka: "Ndiyo maana kwenye kundi letu la meseji hatukumweka."

Kundi lao! Shoga, wana kundi lao! Na mimi kwenye kundi la darasa kila asubuhi nawaamkia, nawatumia na maua, wakinyamaza nasema maskini wana kazi nyingi.

Nikawasha kamera. "Nipo, wanangu. Macho ndiyo mabovu, masikio bado mapya."

Wakachomoka mmoja mmoja, nikabaki natazamana na sura yangu.

Mwalimu akaturudisha wote. "Haya bibi, mmefahamiana?"

"Mimi nimewafahamu, mwalimu. Wao waulize."

Wote wakainamia vitambaa vyao, utadhani ndiyo kwanza wanaviona.