Kikao cha Kupatanishwa

Shoga, usinipigie. Koo limevimba, siwezi kuongea.

Si unamjua yule mama mshauri wa wanafunzi, niliyemweleza kwa siri kwamba mpenzi wangu ananipiga? Leo kaniita ofisini kwake. Nafungua mlango, namkuta jamaa mwenyewe kakaa ananisubiri. Eti tupatanishwe.

Mama akamgeukia: "Mwenzio anasema unampiga. Wewe unasemaje?"

Alimwambia hivyohivyo, na mimi nipo hapo hapo.

Jamaa akainuka kitini. Alinivaa. Kichwa changu kikagonga kabati, halafu mikono yote miwili shingoni. Nikapapasa mezani, nikashika chupa ya chai, nikampasua nayo usoni. Damu mpaka kwenye zulia. Hakuniachia.

Na mama wa watu kasimama pembeni anasema, "Wanangu, aongee mmoja mmoja."

Aongee mmoja mmoja, shoga. Mimi hata pumzi sina.

Walinzi wawili ndio waliombandua.

Sasa hivi mama kanitumia ujumbe. Ananipa pole, halafu anasema Jumatatu twende wote wawili, tuendelee pale tulipoishia.

Tuliishia ananinyonga.