Kwaya Yangu Haimtazami Mwongozaji Mgeni

Mpendwa Mshauri,

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuandikia nikilalamika kwamba binti yangu, kitinda mimba wangu, ameacha masomo ya uhasibu ili akasomee uimbaji, nawe ukanijibu katika ukurasa huu huu kwamba nimwache, kwa kuwa sauti aliyo nayo hakuiiba kwa mtu, na ukaniagiza nikujulishe yatakayotokea. Nilimwacha, yakatokea mema, na mimi, niliyetumia umri wangu wote wa kazi kuwafundisha watoto wa watu kwamba barua ni deni, sikukuandikia hata mstari mmoja. Leo nakuandikia kwa kuwa nina shida, jambo ambalo ni aibu juu ya aibu, lakini msaada wako nauhitaji na siku zinakwisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha, na kwa muda mrefu zaidi ya niliofundisha darasani nimekuwa mwalimu wa kwaya. Kwaya yenyewe ina watu sabini hivi, mafundi cherehani, wauguzi, madereva, makarani, fundi bomba mmoja ambaye sauti yake inatoka chini ya sakafu, na hakuna hata mmoja wao aliyesomea muziki. Huwa tunakutana jioni katika darasa la shule, tunasogeza madawati ukutani, nawaandikia do-re-mi ubaoni kwa chaki, sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, mpaka ya nne, na asiyejua hurudia mbele ya wenzake mpaka ajue, kwa sababu mimi si mtu wa kusema “inatosha” wakati haijatosha. Basi okestra ya mji wetu ilipotafuta kwaya ya kuimba nayo kazi kubwa ya muziki ya zaidi ya saa nzima, wakuu wake walizunguka wakisikiliza kwaya nyingi, zenye majoho na zenye vinanda vyao wenyewe, wakachagua yangu. Nasema yangu, Mshauri, nawe utanisamehe. Na kati ya waimbaji wanne walioitwa kusimama mbele na kuimba peke yao, mwenye sauti ya kwanza ni yule binti uliyeniambia nimwache.

Wa kuongoza yote hayo, okestra, kwaya na waimbaji wanne, aliletwa mwongozaji mgeni kutoka mbali, mwanamke mfupi anayelingana kwa umri na binti yangu mkubwa, avaaye raba hata mbele ya okestra na asiyepandisha sauti kamwe. Nilimkabidhi kwaya bila kinyongo, nikaenda kusimama katika mstari wa sauti ya nne kama mwimbaji yeyote, nikidhani kwamba kazi yangu imekwisha na imebaki starehe.

Sasa, katika kazi hiyo kuna mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza, mwimbaji wa sauti nzito anaimba peke yake maneno machache, polepole sana, kisha unafuata ukimya, kisha kwaya nzima inaingia kwa nguvu pamoja na tarumbeta. Siku ya kwanza ya mazoezi na okestra, mwimbaji huyo, bwana mmoja mnene mwenye sauti kama asali, alikuwa bado katikati ya maneno yake, na ukumbi ulikuwa na joto, na miwani yangu ikateleza puani kwa jasho, nami nikaisukuma juu kwa kidole, basi, na watu sabini wakaingia kwa kishindo. Yule bwana aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mpiga ngoma aliangusha rungu lake. Mwongozaji akashusha kijiti chake na kuuliza taratibu:

“Nimewaita mimi?”

Wakaangalia viatu vyao.

“Kama si mimi, aliyewaita ni nani?”

Fundi bomba, ambaye hajui kusema uongo na wala hajajaribu kujifunza, akajibu: “Mwalimu, mama. Amepandisha miwani.”

“Miwani?”

“Akipandisha miwani, tunaingia. Ndivyo ilivyo siku zote.”

Mshauri, naapa sikujua. Kumbe miaka yote hiyo mkono wangu ulipokuwa ukipiga mapigo hewani hawakuwa wakiuangalia mkono, walikuwa wakiingojea miwani! Okestra nzima ilicheka, wapiga fidla walijifuta machozi, nami uso uliniwaka kwa haya. Lakini nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu, kwamba ndani ya kifua changu nilijivuna kama jogoo. Watu sabini kwa kidole kimoja! Ni nani mwingine aliye na kitu kama hicho?

Mwongozaji hakukasirika. Aliniomba niweke mikono nyuma, nikaiweka, wakaingia kwa kufuata mabega yangu nilipovuta pumzi. Aliniomba nisimame mstari wa nyuma kabisa, nikaenda, wakageuza shingo kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Mazoezi yalipokwisha akanifuata mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.”

“Sijawahi kupewa kwaya iliyofundishwa namna hii. Ndiyo maana nakuomba, siku ya onyesho ukae vitini pamoja na wasikilizaji.”

“Mwanangu,” nikamwambia, “mwenye nyumba haambiwi akale nje.”

“Haambiwi, Mwalimu. Anaombwa.”

Nilikunja karatasi zangu nikaondoka. Kesho yake habari zilikuwa zimeshawafikia wanakwaya, na kiongozi wa sauti ya pili, fundi cherehani ambaye ulimi wake unakata kuliko mkasi wake, akasema mbele ya wote: “Mwalimu akitoka, tunatoka sote. Huyo mgeni akaimbe na fidla zake.” Wakapiga makofi. Wameazimia kususa, wanangoja neno langu tu, nami sikuwaambia ndiyo, sikuwaambia hapana, nao wamekihesabu kimya changu kuwa ndiyo. Nami sitakuficha kwamba makofi yale yalikuwa matamu.

Kilichonikosesha usingizi ni binti yangu. Alinikuta jikoni nikichemsha chai, akasema, “Baba, ukisimama pale, hata mimi nitakutazama wewe.” Nikamuuliza kuna ubaya gani, si mimi niliyemfundisha? Akasema, “Ndiyo maana. Nikikutazama, naimba ili nisikosee. Siku hiyo nataka kuimba.” Kisha akasuuza vikombe, akavipanga, na alipokuwa anatoka akageuka: “Na wakisusa, Baba, mimi nitaimba na nani?”

Basi naomba unishauri: nisimame mahali pangu kwa haki yangu, au nikubali kuketi vitini kama mtu aliyepita njia tu, au siku hiyo niseme nina homa nibaki nyumbani, asiwepo wa kushinda wala wa kushindwa?

Ni mimi,
Mwalimu wa Kwaya

*

Mzee wangu, shikamoo.

Msamaha wa kimya nimekupa, kwa kuwa umeniletea habari njema ya binti yule. Hongera. Nakumbuka barua yako ya kwanza. Ilikuwa na hasira nyingi na haikuwa na kosa hata moja la uandishi. Hii ya sasa nayo ni hivyo hivyo.

Tuanze na homa. Usithubutu. Fundi bomba wako atakuja kukujulia hali na supu, naye, kama ulivyosema mwenyewe, hajui uongo. Je, utamfundisha leo? Tena ukibaki nyumbani, kwaya itasimama jukwaani ikihangaika na hali yako badala ya kuimba. Homa hiyo itawaharibia zaidi ya miwani.

Sasa haki yako. Mafahali wawili hawakai zizi moja, hilo hukulijua leo. Mbele ya okestra kuna kijiti kimoja, na watu wote, mpiga ngoma na mwimbaji mwenye sauti ya asali, wamekubali kukifuata. Waimbaji wako peke yao ndio wanaofuata kitu kingine, na hicho kitu ni wewe. Mgeni hakukudharau. Amekuja mlangoni, amekuamkia, amekusifu, kisha akakuomba. Wewe umemjibu kwa methali ya mwenye nyumba. Je, nyumba ni yako? Ukumbi si wako, okestra si yako, na wale watu sabini, samahani Mwalimu, wana mama zao.

Najua panapouma. Kwa miaka yote hiyo umekuwa katikati, na sasa unaambiwa jambo litakwenda vizuri zaidi ukiwa pembeni. Inauma kweli, na asiyekuonea huruma hajawahi kufundisha. Lakini jiulize ulikuwa unafundisha nini. Mtoto unayemshika mkono ili asianguke husemi kwamba ameshajua kutembea. Umefurahi kwamba watu sabini waliingia kwa kidole chako. Nami nakuuliza, ungekufa mwaka jana wangeingia kwa kidole cha nani? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, Mzee wangu. Umewalea wakutazame, wanakutazama. Hilo si kosa lao, na hawawezi kulirekebisha wenyewe. Wewe unaweza.

Na lililo baya kuliko yote ni yale makofi. Hukusema kitu, ukayafurahia. Fundi cherehani anapanga mgomo kwa jina lako, nawe umekaa kimya kama usiyehusika, huku binti yako anasuuza vikombe akijiuliza ataimba na nani. Yeye amekuuliza swali moja tu, nawe umeniletea mimi maswali matatu ambayo hakuna hata moja lililo lake. Hapo nimekukasirikia.

Haya, fanya hivi. Nenda kwenye mazoezi yajayo mapema, kabla ya mgeni. Usitume ujumbe, usimtume mwenyekiti wa kwaya. Simama mwenyewe mbele yao. Waambie kwamba umeamua kuketi vitini, na kwamba uamuzi ni wako. Usiseme “nimeombwa”, maana watasikia “nimefukuzwa”. Mwambie fundi cherehani mbele ya wote kwamba atakayesusa atakuwa amekususia wewe. Ataguna, mwache agune. Kisha toka nje ya ukumbi mpaka mazoezi yaishe, nawe usichungulie dirishani. Watakosea mara mbili tatu, pengine vibaya sana. Usiingie.

Siku ya onyesho usikubali kiti cha mstari wa mbele hata wakikubembeleza, kwa kuwa taa za jukwaani zitamulika uso wako. Kaa katikati ya ukumbi, gizani. Usidai kutajwa, usidai kupandishwa jukwaani. Mwisho, mpigie mgeni simu leo hii umwambie ndiyo. Neno moja linatosha, bila methali.

Na binti, ukimwona jikoni, mwambie: utaimba na kwaya nzima. Kisha mpe nafasi apite.

Mshauri wako

*

Mpendwa Mshauri,

Nimefanya ulivyosema, ila mgeni sikumpigia simu. Nilimwendea kwa miguu, kwa sababu neno hilo lilistahili kusemwa uso kwa uso. Fundi cherehani aliguna kweli, akaniambia, “Sawa Mwalimu, lakini mimi nimeshakasirika, sasa hasira hii niipeleke wapi?” Nikamwambia aipeleke kwenye sauti ya pili, ambako ilikuwa inahitajika. Mazoezi hayo nilisimama nje karibu na matangi ya maji. Walikosea mara nne. Sikuingia.

Onyesho limefanyika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Niliketi katikati, kati ya mkwe wangu na mama mmoja nisiyemjua, na kwaya ilipoanza kuimba nami nikaanza kuimba sauti ya nne pamoja nao, chini chini, kama nilivyodhani, mpaka yule mama akanigusa goti na kuninong'oneza, “Baba, tafadhali, tumekuja kuwasikiliza wao.”

Nikanyamaza. Ndipo nilipowasikia. Mshauri, miaka yote nimesimama mbele yao nikisikiliza makosa tu, sauti hii imeshuka, yule amechelewa, na siku nyingine nimesimama kati yao nikisikia wale walio karibu na sikio langu. Sikuwahi hata siku moja kuketi mahali ambapo kwaya inafika ikiwa nzima. Binti yangu alisimama, akaimba, wala hakuangalia upande wowote wa kunitafuta, na watu sabini wakaingia baada yake kwa pamoja, kwa kijiti cha mtu mwingine, wasikose hata nukta. Sijui nilikuwa nimejizuia kiasi gani, ila yule mama alinipa leso yake, akaniuliza kama kuna ndugu yangu jukwaani. Nikamwambia wapo wengi.

Sasa limetokea jambo. Mgeni amenijia tena mlangoni, safari hii mbele ya wakuu wa okestra, akanialika niongoze mimi mwenyewe nusu ya kwanza ya onyesho la mwakani, okestra na kwaya, kwa kijiti mkononi. Mwalimu wa darasani kuongoza okestra! Mke wangu amekwisha kuwaambia majirani, na fundi cherehani ameanza kunipima koti. Zamani nisingehitaji hata siku moja ya kufikiri. Ila nikisimama pale mbele, sitawasikia tena kama nilivyowasikia. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikishaamua, nitakuandikia.